Korongo Kavu Linaulizwa Swali Lisilo Lake

Machi 2019, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kiliipa kampuni ya Hudbay kibali cha kufukia makorongo kadhaa kwenye Milima ya Santa Rita, kusini-mashariki mwa mji wa Tucson, Arizona, ili uchimbwe mgodi wa shaba wa Rosemont. Machi 2021 kikosi hicho hicho kikatamka kwamba makorongo yale hayamo katika maji yanayolindwa na sheria ya shirikisho, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kibali. Aprili 2022 kampuni ikakirudisha. Katika miaka hiyo mitatu hakuna mlima uliohama. Mvua za Julai hadi Septemba zilikuja na kuondoka, na mchanga wa Barrel Canyon uliendelea kushuka kuelekea Davidson Canyon, kisha Cienega Creek, kijito chenye sehemu zinazotiririka mwaka mzima.

Kilichobadilika ni kanuni iliyokuwa mezani siku ile. Rosemont ilikuwa na vita vyake vingine mahakamani, hasa juu ya ardhi ya msitu wa serikali ambako taka za mgodi zingerundikwa, lakini suala la makorongo linatosha peke yake kuonyesha shida inayomkabili mtathmini yeyote wa nchi kame, awe Arizona, Turkana au Dodoma. Anakwenda porini na vipimo vya sayansi, akirudi anakuta kazi yake inapimwa kwa swali la kisheria lililotungwa na watu wa nchi za mvua: je, hapa pana maji, na hukaa muda gani? Korongo la jangwani lina majibu mengi mazuri kwa anayejua kuuliza. Swali hilo ndilo linaloliumbua.

Chanzo chake ni kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972. Anayetaka kumwaga kifusi ndani ya “maji ya Marekani” lazima aombe ruhusa kwa Kikosi cha Wahandisi, huku Shirika la Ulinzi wa Mazingira (EPA) likiwa na sauti yake. Bunge halikufafanua maji hayo ni yapi, na mahakama zimekuwa zikivutana juu yake tangu wakati huo. Mwaka 2006, katika kesi ya Rapanos iliyotoka Michigan, Mahakama ya Juu iligawanyika. Majaji wanne wakiongozwa na Antonin Scalia walitaka sheria iguse maji ya kudumu kwa kiasi fulani tu, na Scalia aliitaja mikondo mikavu ya jangwani kuwa mfano wa serikali kujitanua kupita mipaka. Jaji Anthony Kennedy akatoa kipimo chake peke yake: mkondo uhesabiwe ikiwa una uhusiano wa maana na mto unaopitika kwa vyombo. Kwa miaka mingi Arizona ilifanya kazi kwa kipimo cha Kennedy, hadi mwaka 2020 kanuni mpya ilipoiondoa kabisa mikondo inayotiririka baada ya mvua tu. Ni kanuni hiyo iliyoyatoa makorongo ya Rosemont. Agosti 2021 hakimu wa shirikisho huko Arizona aliifuta, akieleza kwamba kati ya mikondo zaidi ya 1,500 iliyotathminiwa Arizona na New Mexico chini yake, karibu yote ilikuwa imetangazwa kuwa nje ya sheria. Wengi walishusha pumzi. Mei 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sackett, ikakitupa kipimo cha Kennedy na kushika kile cha Scalia. Kesi yenyewe ilihusu kiwanja cha nyumba karibu na Priest Lake, Idaho, ambako shida ilikuwa ardhi kulowa mno.

Hukumu ya kiwanja chepechepe ikatua jangwani na kukuta nini? Ripoti ya EPA ya mwaka 2008 iliyoandaliwa pamoja na watafiti wa Idara ya Kilimo inakadiria kwamba asilimia 94 ya urefu wa mikondo yote ya Arizona ni ya msimu au ya mvua tu. Mikondo ya namna hiyo ndiyo mtandao wenyewe wa mito. Ile yenye maji mwaka mzima ni vipande vichache vilivyobaki hapa na pale, mara nyingi vikilishwa na hiyo mikavu.

Hata kipimo cha Kennedy, ambacho wanamazingira wanakililia leo, kilikuwa na vituko vyake. Kilidai upatikane kwanza mto unaopitika kwa vyombo, na Arizona ya kusini haina bandari. Mwaka 2008 Kikosi cha Wahandisi, kisha EPA, walitangaza kuwa sehemu mbili za mto Santa Cruz zinapitika. Sehemu mojawapo huanzia mahali ambapo maji taka ya Tucson yaliyosafishwa yalikuwa yakimwagwa mtoni. Fuata maji ya Rosemont kushuka: Davidson Canyon, Cienega Creek, Pantano Wash, Rillito, na hatimaye unaingia Santa Cruz katika sehemu hiyo hiyo. Hivyo korongo la mlimani lilitegemea ulinzi wake kwa mto ambao, miezi mingi ya mwaka, unatiririka kwa sababu wakazi wa mji wamevuta maji ya vyoo. Sina kinyongo na maji taka yaliyosafishwa, yanaotesha miti na kurudisha samaki. Lakini mfumo wa sheria unaohitaji kisingizio cha namna hiyo ili kuliona korongo ulikuwa umejengwa juu ya msingi dhaifu tangu mwanzo.

Tuje kwenye kazi ya porini, ambayo wanasheria huipita haraka. Mtathmini akifika kwenye korongo, jukumu lake la kwanza ni kuchora mpaka: mkondo unaishia wapi upande wa kushoto na wa kulia? Sheria inataka alama ya juu ya maji ya kawaida, yaani mstari ambao maji ya kawaida yakijaa huuacha ukingoni. Kwenye mto wa mwaka mzima mstari huo huonekana kwa macho. Korongoni ni kazi. Mwongozo wa maeneo kame ya magharibi mwa Marekani uliotolewa na Robert Lichvar na Shawn McColley mwaka 2008 ulifanya jambo la maana sana kwa kukiri kwamba alama nyingi zinazopendwa na wakaguzi hazina uaminifu. Matawi na nyasi zilizonasa vichakani, mipasuko ya tope lililokauka, vijiwimbi vya mchanga: vyote hutapakaa ovyo, na vingi vimeachwa na mafuriko ya mwisho tu, yawe makubwa au madogo.

Badala yake mwongozo unamtaka mtathmini asome umbo zima la korongo. Katikati kuna kijia cha maji madogo, ambacho huhama karibu kila mvua na hakifai kuwa mpaka wa chochote. Kukizunguka ni uwanda unaofanyiwa kazi na mafuriko: mchanga wa chembe kubwa, changarawe, vichaka vichanga vilivyong’olewa na kuota tena. Pembeni na juu kidogo ni ngazi ya ardhi ya zamani, yenye udongo ulioshikamana na miti iliyokomaa. Mpaka upo pale uwanda unapokutana na ngazi hiyo, na huthibitishwa kwa mambo matatu yakitokea pamoja: mteremko wa ukingo unavunjika, ukubwa wa chembe za udongo unabadilika, mimea inabadilika. Moja likikosekana, mtathmini ana haki ya kusitasita. Yote matatu yakipatana kwenye sehemu kadhaa za korongo, mstari unaweza kutetewa hata mbele ya wakili mkali.

Hata hivyo, neno “kawaida” linabaki kuwa mzigo. Korongo la jangwani huchongwa na tukio kubwa la nadra, kisha hutumia miaka mingi likijaribu kupona. Oktoba 1983 mabaki ya dhoruba ya kitropiki yaliinyeshea Arizona ya kusini kwa siku kadhaa. Santa Cruz ilipitisha pale Tucson karibu mita za ujazo 1,500 kwa sekunde, na kingo za Rillito zikaliwa pamoja na majengo yaliyokuwa juu yake. Mtu aliyekwenda kupima mwaka 1984 angepata korongo pana lililokwanguliwa, na angechora mstari wa mafuriko yasiyo ya kawaida hata kidogo. Aliyepima miaka ishirini baadaye angekuta mimea imerudi na korongo limejikunja. Ndiyo maana ripoti isiyosema mafuriko makubwa ya mwisho yalikuwa lini, na isiyoambatanisha picha za angani za miongo kadhaa, mimi huifunga kabla sijafika kwenye ramani. Picha hizo zipo, na kuzipata hakuna gharama kubwa. Kutokuwepo kwake ni uvivu.

Kwenye mashapo ya mchanga yaliyotandazwa kama upepeo chini ya milima hali huwa ngumu zaidi. Hapo mkondo mmoja hugawanyika kuwa kumi, mitano kati yake ikiwa imekufa, na mvua moja kubwa inaweza kuufufua uliokufa na kuua uliokuwa hai. Ramani za serikali zenye mistari ya buluu hazifai kitu hapo, kwani makorongo mengi madogo hayamo, na mengine yaliyochorwa yamekwisha hama. Mashamba makubwa ya umeme wa jua hupenda kujengwa mahali kama hapo kwa sababu ni tambarare na jua halikosekani, na ndipo mtathmini anapotakiwa kutofautisha mkondo na mchirizi kwa mamia, chini ya ratiba ya mkandarasi.

Lakini mstari wa ukingoni ni nusu tu ya kazi, na kwa maoni yangu ni nusu nyepesi. Swali zito ni korongo linafanya nini ndani ya kidakio chake, na jibu bora tulilo nalo linatoka Walnut Gulch, kidakio cha utafiti cha kilomita za mraba 149 kinachozunguka mji wa Tombstone. Idara ya Kilimo ya Marekani imekipima tangu mwaka 1953, kwa mtandao mnene wa vipimamvua na vizingiti vya zege vilivyojengwa ndani ya makorongo ili kupima mafuriko yanapopita. Takriban theluthi mbili za mvua ya mwaka hunyesha kati ya Julai na Septemba, na karibu maji yote yanayotiririka hutokana na dhoruba za miezi hiyo. Dhoruba yenyewe huwa ndogo kwa eneo: inapiga kilima hiki, kile cha jirani kinabaki na vumbi lake.

Vipimo hivyo vilionyesha jambo linalowashangaza wanaotoka nchi za mvua. Huko kwao, mto unavyoteremka ndivyo unavyoongezeka. Walnut Gulch mafuriko yanavyoteremka ndivyo yanavyopungua, kwa sababu kitanda cha mchanga mkavu kinayanywa njiani. Furiko linaloanza kwa kishindo sehemu ya juu linaweza kufika kizingiti cha chini likiwa limepoteza sehemu kubwa ya ujazo wake, na madogo hayafiki kabisa. Sehemu ya maji hayo hulowesha mizizi ya miti iliyopanga foleni kando ya korongo kisha hurudi hewani. Sehemu nyingine huzama hadi kwenye maji ya ardhini yanayohusiana na mto San Pedro.

Ukilielewa hilo, kipimo cha maji ya kudumu kinageuka kichwa chini miguu juu. Korongo hubaki kavu kwa sababu linapitisha maji chini haraka. Ukavu wa mchanga wake ni ushahidi kwamba linafanya kazi yake kwa kidakio. Mtathmini anayeandika “hakuna maji yaliyoonekana siku ya ukaguzi” kana kwamba ameandika kasoro ya korongo, ameandika habari za hali ya hewa.

Kuna athari za vitendo pia. Ukifukia korongo na kulipitisha kwenye mabomba ya zege, maji ambayo yangezama njiani sasa yanafika chini yote, kwa mkupuo, bila mchanga wake. Maji yasiyo na mchanga yana njaa. Yatachimba kitanda na kula kingo mpaka yashibe. Daraja la jirani linaanza kuning’inia, na kisima kilichokuwa kikijazwa na korongo kinashuka. Hakuna hata moja kati ya madhara hayo linaloonekana kwenye eneo la mradi lenyewe, na ndiyo sababu ripoti iliyochora uzio kuzunguka kiwanja na kuishia hapo haina thamani hata kama mistari yake imepimwa kwa setilaiti hadi sentimita.

Mfumo wa vibali nao unasaidia ufinyu huo. Miradi mingi Marekani hupitia vibali vya jumla vya taifa, ambavyo kwa kawaida huweka kikomo cha nusu eka ya maji yatakayopotea, kama mita za mraba 2,000. Kwa barabara, bomba au njia ya umeme, kila mahali panapovuka mkondo ulio mbali na mwingine huweza kuhesabiwa kama mradi kamili unaojitegemea. Barabara inayokata makorongo arobaini, kila moja chini ya nusu eka, inapita kama miradi arobaini midogo. Kwenye mto wenye maji mengi pengine hilo linavumilika. Kwenye mteremko ambao makorongo yote arobaini yanalisha mchanga na maji kwenye uwanda mmoja, hesabu hiyo ni ya kujidanganya, na kila aliyekaa kwenye kazi hii analijua.

Ajabu ni kwamba jibu lenye akili zaidi nimeliona kwenye ngazi ya chini kabisa ya serikali. Wilaya ya Pima, ambako Tucson ipo, haiulizi kwanza kama korongo lina maji ya kudumu. Kanuni zake za mafuriko zinashika mkondo wowote ambao furiko la uwezekano wa asilimia 1 kwa mwaka litafikisha futi za ujazo 100 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 2.8 hivi. Aidha, anayevuruga zaidi ya theluthi ya eka ya uoto wa kando ya mikondo ulioorodheshwa lazima alete mpango wa fidia. Hiki ni kipimo cha nguvu na cha uhai, vitu viwili ambavyo korongo linavyo hata likiwa kavu miezi kumi na moja. Hukumu ya Sackett haikuvigusa, kwa kuwa mamlaka ya wilaya yanatoka kwenye sheria ya jimbo. Jimbo lenyewe lilianzisha mwaka 2021 mpango wa kulinda maji ya juu ya ardhi yasiyo ya shirikisho, lakini makorongo ya mvua tu hayakuingizwa. California ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: sheria yake ya wanyamapori inamlazimu mtu kutoa taarifa kabla ya kubadilisha kitanda cha mkondo, hata ule unaotiririka kwa nadra.

Watathmini wa kwetu hupenda kuchukua fomu za Marekani kwa sababu zimepangwa vizuri. Zichukueni kwa tahadhari. Mfano mmoja ni mimea. Huko Arizona, miti ya palo verde na ile ya jenasi ya Prosopis ikijipanga kwenye mstari jangwani, ni ishara ya kuaminika kwamba chini yake maji hupita, kwa kuwa ni miti ya asili iliyokua na korongo. Kaskazini mwa Kenya ndugu wa Prosopis hizo, mathenge, aliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na leo amevamia laga (mikondo ya msimu ya huko), malisho na kando za barabara. Mathenge akionekana kwenye mstari anaweza kuwa amefuata maji, au amefuata mbuzi waliokula maganda yake na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi. Anayejaza kisanduku cha “uoto wa kando ya mkondo” bila kutofautisha hayo mawili atachora mito pasipo na mito.

Mfano wa pili una uzito zaidi, nao uko Makutapora, uwanda wa visima unaoinywesha Dodoma. Kumbukumbu za kina cha maji ya ardhini pale zinarudi nyuma hadi miaka ya 1950, hazina adimu kwa Afrika nzima. Uchambuzi wa miaka 55 uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kina hushuka mfululizo kwa miaka mingi, kisha hupandishwa ghafla na misimu michache ya mvua kali, mingi ikiwa ya El Niño. Ongezeko kubwa kuliko yote lilikuja na mvua za 1997 na 1998. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huingia ardhini kupitia vitanda vya mchanga vya mikondo ya msimu, hasa wa Kinyasungwe Ndogo.

Sasa weka hayo kando ya sheria yetu ya Tanzania. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni kifungu kizuri, kwa kuwa hakimuulizi mtu mto una maji miezi mingapi, na kwa hilo kinazipita hukumu zote mbili za Washington. Kinakwama penginepo. Ukingo wa mto wa mchanga unaohama ni upi, ule wa mwaka jana au ule wa 1998? Na mita 60 za pembeni zinafaa nini ikiwa lori linachota mchanga katikati ya kitanda, au barabara ya juu inaelekeza maji upande mwingine kabla hayajafika uwandani?

Kwa hiyo mwombaji wa cheti cha mazingira anayetaka kujenga popote kwenye kidakio cha Kinyasungwe Ndogo adaiwe mambo yasiyo kwenye fomu ya kawaida. Alete picha za angani na za setilaiti za kabla na baada ya mvua za 1997 na 1998, kingo za nyakati zote mbili zichorwe juu ya ramani moja, na mita 60 zihesabiwe kuanzia ukingo wa nje. Aonyeshe ni maeneo gani ya kitanda yanayonyonya maji kwa wingi, kwa kupima kasi ya kuzama kwenye mchanga wenyewe. Mivuko na machimbo yote ya mchanga yaliyokwisha ruhusiwa juu na chini yake yajumlishwe kwenye jedwali moja na mradi wake, na Bodi ya Maji ya bonde husika isaini kwamba imelisoma. Ripoti iliyofanyika kwa ziara za kiangazi cha Agosti peke yake irudishwe kwa mwandishi wake.